Sura ya 6: Mbabula Mlangoni

Butembo iko kilomita zisizofika 20 kaskazini mwa ikweta, na hata hivyo ni mji wa makoti. Mgeni anayefika kutoka Kisangani na shati la mikono mifupi huchekwa siku ya kwanza. Siku ya tatu ataonekana sokoni amechutama mbele ya rundo la mitumba akichagua sweta. Mji umekaa juu ya vilima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia joto kama nyuzi 6. Ukishuka kilomita 54 hadi Beni, kwenye mita 1,100 hivi, sweta unalivua. Ukipanda upande wa pili, ukapita Musienene na Lubero mpaka Alimbongo, utavaa la pili juu ya lile la kwanza, na asubuhi mwenyeji wako atakuuliza kama umelala vizuri kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Baridi ya Ulaya ina miezi yake, na watu hujiandaa. Ya Butembo huingia kila siku jua likizama, na haitoki mpaka saa tatu asubuhi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, anga hubaki wazi usiku kucha na ardhi hupoteza joto lake lote, kwa hiyo alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Wakati wa mvua ni mchana unaoharibika: mvua ya saa nane ikishuka, ukungu hufuata, nguo hazikauki, na mtoto aliyetoka shule akiwa ameloa atakaa hivyo mpaka moto wa jioni uwashwe.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu nyumba na afya, likapendekeza kwamba ndani ya nyumba joto lisishuke chini ya nyuzi 18 katika nchi zenye baridi. Walioandika walikuwa na Glasgow na Warsaw akilini zaidi kuliko Bulengera au Vulamba za hapa Butembo. Lakini hebu weka kipimajoto katika chumba cha kupanga cha Butembo saa kumi na moja alfajiri, mwezi wowote, chumba kisicho na moto. Si rahisi kifike 18. Kwa kipimo hicho, mji mzima ulio karibu na ikweta unalala katika nyumba ambazo wataalamu wa Ulaya wangesema hazifai kwa mzee wala kwa mtoto mchanga.

Na hakuna anayelalamika kwamba ameshindwa kulipia joto. Ukiuliza familia inatumia pesa ngapi kwa kupasha nyumba, watakutazama. Uliza makala, yaani makaa, yanakula kiasi gani, mama atakujibu hadi franga ya mwisho.

Waingereza walianza kulipima jambo hili zamani kidogo. Mwaka 1991 mtafiti Brenda Boardman alichapisha kitabu kuhusu umaskini wa nishati, na humo akaweka mstari uliokuja kutumiwa na serikali: kaya inayolazimika kutumia zaidi ya asilimia 10 ya pato lake kwa nishati ya nyumbani imo katika umaskini huo. Ubelgiji nayo ina bei maalumu ya umeme na gesi kwa wenye kipato kidogo, na Wakongo wengi wa Liège na Brussels wanaijua vizuri. Ndugu aliyehamia huko anaweza kukuonyesha ankara yake, mstari kwa mstari, na jina lake juu. Kipimo cha aina hiyo hufanya kazi mahali ambapo joto lina ankara yake. Butembo joto hutoka kwenye jiko la makala, mbabula ileile iliyoivisha maharagi. Pesa yake imejificha ndani ya pesa ya chakula, na kwa kuwa imejificha hapo, upungufu wake hauandikwi popote. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wa mipango kulipita jambo hili kila wanapokuja na madaftari yao. Wanahesabu milo. Wanahesabu vyandarua. Baridi haimo kwenye fomu.

Tuiangalie mbabula yenyewe. Mafundi huikunja kutoka kwenye bati la pipa au beseni lililochoka: chungu cha chuma chenye matundu chini, mdomo wa kuingiza hewa, na masikio matatu ya kukalia sufuria. Saa kumi na moja jioni utaziona mlangoni, nje, katika mtaa mzima, kila moja na mtu wake. Vibanzi vya mkaratusi chini, makala juu, na kifuniko cha sufuria kwa kupepea. Anayekosa vibanzi huwasha kwa mfuko wa plastiki, na harufu yake inafika nyumba ya tatu. Moshi mweupe ukishaisha na makala yakawa mekundu, mbabula hubebwa kwa vitambaa viwili na kuingizwa ndani.

Kuanzia hapo kila dakika ya moto ina mwenyewe. Kwanza maharagi. Halafu maji ya bugali. Halafu sufuria ya maji ya kuoga bibi na watoto, maana hapa kumwogesha mtoto mchanga kwa maji ya bomba jioni ni kumwita daktari asubuhi. Mwisho ni yale makala yaliyobaki, nusu majivu, ambayo hayapiki tena chochote lakini bado yana joto. Ndiyo yanayozungukwa na watoto wakisoma, na wakubwa wakizungumza, miguu ikielekezwa katikati. Makala yakipungua, orodha hii hukatwa kutoka chini. Kwanza unaondoka moto wa kuota. Kisha maji ya kuoga. Kisha chakula chenyewe kinabadilika: maharagi yanaachwa, sombe, majani ya muhogo, inaachwa kwa kuwa inataka saa nyingi, inaingia mchicha wa lengalenga au dagaa wa ndakala, vinavyoiva kwa dakika chache. Mtaalamu wa lishe akipita ataandika kwamba familia hii haili maharagi ya kutosha. Ni kweli. Maharagi, ya shambani na ya sokoni, yapo. Kilichokosekana ni saa tatu za moto.

Kuna ushauri unaotolewa kila semina: lowekeni maharagi usiku, yataiva upesi. Ushauri ni sahihi, na akina mama wa Butembo hawakuisubiri semina. Tatizo lake ni kwamba unamhitaji mtu mwenye maharagi usiku. Mtu anayelipwa kwa siku, anayebeba mizigo au kuuza ndizi kwa sinia, ananunua maharagi saa tisa alasiri kwa pesa aliyoipata saa nane, na yataliwa saa mbili usiku. Hakuna usiku katikati wa kuyalowekea.

Makala nayo huyanunua hivyohivyo. Mwenye duka la vitenge, mwenye nyumba ya ghorofa, mkuu wa shule, huyu anangoja kiangazi, barabara zikiwa kavu, ananunua magunia kumi kutoka kwenye lori la Fuso na kuyapanga stoo. Mfanyakazi wa mshahara hununua gunia moja mwisho wa mwezi. Anayebaki hununua kwa ndoo, kwa kopo, au kwa mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo, moto wa jioni moja. Ukiyapima kwa mizani, kilo ya makala ya mfuko huo ni ghali kuliko kilo ya gunia, na tofauti hiyo hulipwa kila siku na mtu asiye nayo.

"Mama, uongeze kidogo, watoto wako na baridi."

"Na mimi wangu wako na baridi, dada yangu. Nimekujazia mpaka juu, ona."

Ameujaza kweli, kwa ustadi: mapande makubwa yamesimamishwa pembeni, hewa katikati. Lakini sitamlaumu muuzaji. Gunia analolinunua lina mapande mazuri juu na vumbi chini, na vumbi halina mteja. Mvua ikiyapata makala, yanakuwa mazito na hayawaki. Amekopa pesa ya gunia, na mkopo una siku yake. Baadhi yao huchanganya vumbi hilo na udongo wa mfinyanzi, wakafinyanga matonge na kuyaanika. Yanawaka polepole, bila joto kali, na kwa kazi ya kuota si mabaya hata kidogo.

Makala hayo yanatoka wapi? Mji huu ulianza kama kituo cha wachimba madini. Kampuni ya MGL ya Wabelgiji iliweka watu wake hapa miaka ya 1920, na wafanyakazi wakaja, na wafanyabiashara wakaja nyuma yao. Misitu ya vilima vya karibu haikudumu. Kilichoshika nafasi yake ni mkaratusi, mti uliotoka Australia, na leo ukisimama juu ya kilima chochote cha Lubero utauona kwa safu hadi macho yachoke. Nyumba ni mkaratusi, nguzo ni mkaratusi, mbao za jeneza ni mkaratusi, na moto ni mkaratusi. Una sifa moja ambayo maskini na tajiri wanaipenda sawa: ukiukata, kisiki hutoa machipukizi, na baada ya miaka michache unakata tena. Una kasoro ambayo mwenye chemchemi jirani ndiye anayeiona. Kenya, mwaka 2009, Waziri wa Mazingira John Michuki aliamuru mikaratusi yote iliyo kando ya mito na kwenye maeneo oevu ing'olewe, kwa sababu ya maji inayokunywa. Kilichofanya amri hiyo iwe ngumu huko ndicho kingefanya iwe ngumu Lubero: mti unaokauka chini ya mlima ni chakula cha jioni cha mtu.

Tena kuna suala la ardhi. Vilima hivi vina watu wengi na mashamba madogo. Penye mkaratusi hapaoti viazi wala maharagi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo anayeweza kupanda msitu wa kuni ni yule ambaye shamba lake la chakula tayari limemtosha: mfanyabiashara, parokia, mtu wa mjini aliyenunua kilima. Shirika la WWF lilijaribu kugeuza mambo mwaka 2007 kwa mradi wa EcoMakala, wakulima wadogo wakapewa miche na kusaidiwa kupanda vipande vyao vya miti ya makala kandokando ya Hifadhi ya Virunga. Ilikuwa hesabu ya wazi: makala yatachomwa hata ukikataza, kwa hiyo bora yatoke shambani kuliko hifadhini. Hifadhi hiyo, iliyoundwa mwaka 1925, ilikuwa imekwishaonja biashara ya makala kwa uchungu. Julai 2007, gorila kadhaa wa familia moja walipigwa risasi upande wa kusini, na wengi walihusisha mauaji hayo na wakubwa wa makala yaliyokuwa yakipelekwa Goma.

Na makala ni njia ya upotevu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tanuri la udongo la kijijini, magogo yamepangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakaachwa yaungue bila hewa ya kutosha, hutoa makala yenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 tu ya kuni zilizoingia. Gunia la kilo 50 lilikuwa kuni za kilo 250, pengine 500. Mbona basi mji hautumii kuni? Kwa sababu kuni zinatoa moshi, na chumba cha kupanga hakina jiko la nje. Na kwa sababu kilo 50 zinapanda kwenye baiskeli, kilo 400 hazipandi. Kijijini bado ni kuni. Utawaona akina mama barabarani asubuhi, mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, shingo imeinama mbele kama wanatafuta kitu kilichoanguka.

Mkaratusi haukutosha kamwe. Makala mengine yalitoka msituni: kaskazini, kwenye barabara ya Mbau, Oicha na Eringeti, magharibi, upande wa Manguredjipa na Mambasa. Huko ndiko vita vilikokaa.

Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wameua raia kwa maelfu katika wilaya ya Beni na jirani zake, wengi wao wakiwa shambani au njiani kurudi. Serikali iliweka jimbo la Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Jeshi la Uganda lilivuka mpaka Novemba mwaka huohuo kwa operesheni iliyoitwa Shujaa. Mashambulizi yakahama, hayakwisha. Yakasogea magharibi, Mambasa, kisha kwenye sekta ya Bapere ndani ya Lubero. Sasa fikiria kazi ya mchoma makala. Kulima unaweza kwenda saa mbili na kurudi saa tisa. Tanuri halikuruhusu. Likishawashwa linataka mlinzi usiku na mchana, kwa siku nyingi, mtu wa kuziba nyufa kila udongo unapopasuka, la sivyo hewa inaingia na asubuhi unakuta majivu. Na moshi wake unaonekana kutoka mbali. Huwezi kubuni kazi mbaya zaidi kwa nchi yenye watu wanaowinda watu. Wachomaji waliokubali kuendelea walikuwa wachache na walitaka bei, na gunia hilo likitoka msituni lilipita kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, na kila bariere ilichukua kitu.

Kusini nako kukafungwa. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Alimbongo mwezi wa Desemba, Goma yenyewe, mji mkuu wa jimbo, Januari 2025. Ofisi za jimbo zikahamia Beni, mji ambao mpaka jana ulikuwa ukihesabiwa kuwa ndio wenye hatari. Waliokimbia kutoka Kanyabayonga na Kirumba walipanda, hawakushuka. Barabara ya kuelekea Butembo inapita juu kabisa ya nchi ya baridi. Wakiwa na nguo nyepesi, walilala kwenye madarasa na makanisa ya Lubero, saruji chini, madirisha bila vioo. Misaada ikija huja na unga, mafuta, ndoo, na blanketi, kwa bahati. Kuni haziji. Kila familia inaanza kuzitafuta kwenye miti ya mtu, na ndani ya wiki mbili mwenyeji na mgeni wamegombana kuhusu tawi.

Beni haina shida ya baridi, na ningeweza kuiacha hapa. Lakini ni vizuri kujua kwamba makala ya msitu wake hupanda kwenda Butembo kwa sababu Butembo hulipa zaidi, na Butembo hulipa zaidi kwa sababu Butembo inaota moto. Mama wa Beni ambaye hajawahi kuvaa sweta ananunua makala kwa bei iliyosukumwa juu na baridi ya mtu mwingine.

Jibu ambalo kila mtu analitaja ni umeme. Kongo ni nchi ya umeme wa kwenye karatasi. Bwawa la Inga la kwanza liliwashwa mwaka 1972, la pili 1982, megawati 1,775 kwa pamoja zilipokuwa mpya, na waya wa kilomita 1,700 ukavutwa kukatisha nchi hadi Kolwezi kwa ajili ya shaba. Haukupita Kivu Kaskazini. Katika taifa lenye mto wa kuwasha nusu ya Afrika, ni kama mtu mmoja kati ya watano mwenye umeme nyumbani. Butembo ilijengwa na jenereta. Wafanyabiashara wake waliagiza mashine kutoka Dubai na Guangzhou, wakajenga maghorofa, wakachangishana kwa ajili ya barabara, na usiku mji ulinguruma kwa dizeli iliyopita mpaka wa Kasindi.

Kisha maji ya milimani yakaanza kutumika. Hifadhi ya Virunga, ikitafuta njia ya kuwapa jirani zake kitu badala ya makala, ilijenga mtambo mdogo Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ulioanza mwaka 2013. Matebe huko Rutshuru ukafuata mwaka 2015, zaidi ya megawati 13. Na kwa ajili ya huku kwetu kukajengwa Luviro, katika wilaya ya Lubero, megawati zaidi ya 14. Ilichukua miaka ya mabishano kuhusu kampuni ipi ipewe soko la Butembo, na maandamano, kabla waya haujaanza kuingia mitaani. Ulipoingia, uliingia kwa mita ya kulipia kabla.

Mita hiyo imefundisha watu hesabu. Taa, simu, redio, televisheni ya jirani wanane: sawa. Hita ya wati 1,000 ikiwashwa kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku inakula uniti 4, na kesho yake inazitaka tena. Hakuna familia ya chumba kimoja itakayofanya hivyo, na sidhani kama mtu mwenye akili angewashauri. Kupika ni hesabu nyingine. Sufuria ya umeme ya mvuke iliyozibwa vizuri huivisha maharagi kwa chini ya uniti 1, kwa sababu haipotezi joto. Lakini yenyewe inauzwa kwa dola za siku nyingi za kazi, zote mara moja. Na ikinunuliwa inaleta tatizo ambalo wauzaji wake hawalitaji: maharagi yanaiva, chumba kinabaki baridi. Joto lile lililokuwa likipotea kutoka kwenye mbabula, ambalo mhandisi analiita hasara, ndilo lililokuwa likimkausha mtoto. Ndiyo maana unaona nyumba zenye vyote viwili. Wageni wenye miradi ya majiko bora husema watu hawataki kubadilika. Mimi naona wanajua wanachonunua.

Gharama mbaya zaidi ya mbabula haipo sokoni. Makala mekundu hayana moshi, na kwa kuwa hayana moshi watu huamini hayana neno. Yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Limuru wanaijua, Kabale wanaijua, Njombe wanaijua. Kila nchi ya milima ya Afrika Mashariki ina hadithi ya chumba kilichofungwa mlango na dirisha, jiko katikati, na watu ambao hawakuamka. Inakuja na dalili ndogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu mizito. Anayezipata jioni hudhani ni malaria, hulala, na kulala ndiko kunakomuua. Asubuhi, kwa kuwa hakuna jeraha wala alama, majirani huanza kuulizana nani alikula kwa nani jana, na sumu inatajwa kabla ya jiko. Ushauri mmoja unatosha na hauna gharama: kabla ya kulala, mbabula itoke nje, hata kama bado ina moto mzuri. Najua ninachoomba. Ninamwomba mtu atupe nje joto alilolipia.

Wazee wa Kinande, wenyeji wa vilima hivi, walikuwa na moto ambao haukununuliwa. Kyaghanda, banda la wanaume, lilikuwa na gogo lililowaka jioni nzima, na hapo kesi zilisikilizwa, vijana wakafundishwa, wageni wakakaribishwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi nene lililoshuka karibu na ardhi. Haikuwa na mwanga na ilikuwa na moshi wa kutosha kutoa machozi, lakini ilishika joto. Mabati yaliyochukua nafasi yake yalikuja na heshima. Aliyeezeka bati alikuwa amefika. Na bati ni paa baya kuliko yote kwa nchi ya baridi. Usiku wa anga wazi linatupa joto juu kwa kasi, linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, na alfajiri linadondosha matone ya pumzi zenu wenyewe juu ya blanketi. Kati ya ukuta na bati kuna nafasi ya mkono, kwa ajili ya hewa. Joto jingi la makala ya Butembo hupanda na kutoka hapo.

Ninarudia jambo hili kwa kila anayenisikiliza: kabla ya hita, kabla ya jiko la mradi, ni plafoni. Mbao nyembamba, au mikeka, au hata mifuko ya unga iliyoshonwa pamoja na kukazwa chini ya kenchi. Ni kazi ya fundi mmoja kwa siku mbili. Tatizo ni nani anailipia, maana wengi wa wanaoota mbabula hawana nyumba. Nilikuwepo siku mama mmoja mpangaji wa mtaa wa Kimemi alipolifikisha kwa mwenye nyumba, kwa adabu zote, akiwa amesimama.

"Muzee, tungeomba plafoni. Hata ya mifuko tu. Watoto wanakohoa."

"Nimesikia, mtoto wangu. Nikiweka plafoni, chumba kinapanda dola tano."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi. Na garanti inapanda, utaongeza miezi mitatu ya hizo dola tano."

Mama alinyamaza akihesabu. Dola tano kwa mwezi hazikuwa mbali na makala ambayo angeokoa. Huenda zilikuwa pungufu. Lakini makala yalitoka kwake kwa franga mia tano leo, elfu moja kesho, na siku ya njaa hayatoki kabisa. Garanti ingetoka dola kumi na tano siku moja.

"Basi Muzee, unipe mpaka wiki ijayo," akasema. "Niulize kwanza turubai wanauzaje."